Samaki Asiye na Macho

Paka wa marehemu mama yangu hakufa kwa kopo. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalosemwa Likombe mpaka leo, kwenye genge la mboga, kwenye kijiwe cha bodaboda, mpaka kwenye kundi la mtaa la kwenye simu: kwamba kuna tajiri mmoja wa Rahaleo alimlisha paka wa mama yake samaki wa makopo yaliyopitwa na muda, paka akafa. Hawataji jina. Wanaweka picha ya kopo tupu, wanaweka na kikatuni cha paka kalala chali, basi. Tajiri huyo ni mimi, na Mtwara si mji wa kujificha.

Mimi si mtu wa kalamu. Shule niliiaga darasa la tano, na kwa kweli yenyewe ilikuwa imeshaniaga siku nyingi. Lakini usinicheke haraka. Nilianza kwa kubeba magunia ya korosho kwenye ghala la watu, kwa mgongo huu huu. Nikatoka kwenye kubeba nikaenda kwenye kushona magunia, kutoka hapo nikapata mizani yangu, kutoka kwenye mizani nikafungua duka la jumla. Leo hii watu wa Rahaleo wakimwelekeza mgeni husema, "Ukifika kwa yule bwana, kata kushoto." Nimekuwa kona ya mji. Nionyeshe katika wale niliokaa nao dawati moja, nani mwingine amekuwa kona.

Na katika duka hilo, kitu ninachokijua kuliko mtu yeyote hapa kusini ni kopo. Wengine wanasoma tarehe tu. Mimi tarehe naisoma, namba hazijawahi kunishinda, lakini kwanza nalishika. Napitisha dole gumba juu ya kifuniko, kisha kwenye kitako. Kopo zima limenyooka, au limebonyea kidogo kwa ndani, limetulia kama mtu aliyeshiba. Kopo likikusukuma kidole, au ukilibonyeza likalia tak halafu likarudi, basi ndani yake kuna kitu kinapumua, na kinachopumua ndani ya kopo si rafiki yako. Halafu natazama pale bati linapokunjwa. Kutu ya juu juu, ya kufutika kwa kitambaa, hiyo si neno. Kutu iliyokula mkunjo, kwaheri. Kopo lililogongwa ubavuni tunaweza kuzungumza. Lililogongwa kwenye mkunjo silitaki hata mlangoni kwangu.

Mtu wa namna hiyo ndiye wanayesema hakujua alichompa paka.

Mama alizaliwa kule mto Ruvuma unapoingia baharini, kwenye vijiji vya mikokoni ambako ukipaza sauti, mtu wa Msumbiji anakuitikia. Wazazi wake walivuka kutoka ng'ambo hiyo, wakalima muhogo na kuchemsha chumvi upande huu. Kwake samaki alikuwa kama mtu wa nyumbani. Hakuuliza bei kwanza. Alimtazama jichoni, akafunua shavu kuona wekundu, ameshajua kama samaki alitoka majini asubuhi au jana. Wauza samaki wa Likombe walikuwa wakimwogopa. "Huyu macho yameshaingia ndani kama mgonjwa wa malaria," alikuwa akiwaambia. "Mrudishe hospitali, mwanangu, usimtembeze juani."

Nilipopata, nikamjengea nyumba Likombe. Si kibanda, nyumba: bati la msauzi, vigae sakafuni, na sebuleni kabati la vioo lililobebwa na wanaume wanne huku majirani wamesimama kutazama. Na kila nilipopita kumsalimia nilimletea samaki wa kopo. Si yale makopo ya kila duka. Yale ya ng'ambo, yenye karatasi ya kung'aa. Dagaa kila mtu anaweza kumpelekea mama yake. Kopo la namna ile ni la mtu aliyefika. Mama alikuwa akilipokea kwa mikono miwili, akisema, "Ahsante, baba'ngu, Mungu akuzidishie," analitazama pande zote, anakwenda nalo ndani. Nami naondoka nimeridhika.

Paka alikuja mwenyewe. Jike, wa rangi tatu, wakati huo mdogo wa kuenea kwenye sahani. Akakaa, akazeeka pamoja na mama. Mama hakumpa jina la paka. Alimwita "mke mwenzangu," ule utani wa bibi na mjukuu wa kike. Marehemu baba alikuwa keshakufa zamani, lakini ungemsikia mama barazani: "Mke mwenzangu, mume wetu leo hajaleta kitu. Atakuwa amepata wa tatu huko." Paka anamtazama tu. "Ndiyo, nuna. Na mimi nimenuna."

Walikuwa wakila pamoja kwenye mkeka, baraza ya nyuma. Na hapa nataka msomaji aelewe vizuri, maana ndipo mambo yote yalipo. Mama alichambua samaki, akatoa miba, akatia tonge la kwanza mdomoni mwake mwenyewe. Akatafuna kwa sauti, akameza, akatulia kidogo huku anamtazama paka. Paka naye amekaa mbele yake, mikono ya mbele ameiweka pamoja, anasubiri. Ndipo mama anachukua kipande cha pili, anampa kwa ncha za vidole. Hata siku moja paka hakula kabla ya mama. Wageni walidhani ni ubahili.

"Bibi, mpe mwenzako kwanza, anakulilia."

"Hali kabla yangu huyu."

Sababu yake niliisikia tangu nikiwa mtoto. Kule mtoni kwao kuna samaki anaitwa bunju, yule ukimgusa anajijaza upepo akawa kama mpira. Nyama yake huliwa na wanaojua kumpasua, lakini ini lake na mayai yake ni sumu ya kumlaza mtu. Basi watu walikuwa na desturi: ukishampika, unamtupia paka kipande, unasubiri. Paka akiendelea kutembea, mnakula. Kaka yake mama, mkubwa wake, alirudi na bunju wakati wa njaa. Wakampika, wakampa paka, paka akala, akajilamba, akaondoka zake. Hakuna aliyemfuata. Wakasema, ingekuwa sumu angeanguka hapa hapa. Mama alikuwa ametumwa kisimani. Aliporudi akakuta kaka yake anasema midomo imekufa ganzi, halafu miguu, halafu hakusema tena. Walipokwenda kuchukua kuni za msibani wakamkuta paka nyuma ya jiko, chini ya kuni hizo hizo, amenyooka.

Mama alikuwa akiisimulia hadithi hiyo bila chozi, huku anachambua miba. Mwisho wake ulikuwa ule ule: "Paka wameshatuonjea vya kutosha. Sasa zamu yetu." Nami niliizoea kama mtu anavyozoea kelele za mashine ya kusaga jirani na kwake.

Mama alifariki kabla ya mvua za kwanza, kitandani kwake, bila kumsumbua mtu. Mazishi nilifanya. Waulize waliokuja. Magari yaliziba barabara mpaka wa bodaboda wakawa wanapita uani kwa watu, na hakuna aliyeondoka na njaa. Nilisimama pale nikapeana mikono na watu ambao zamani walikuwa wananiita mchukuzi, na sasa wananiita mzee, na kila mmoja nilimwambia, "Ahsante, tumeshapoa." Tulikuwa hatujapoa.

Watu walipotawanyika akabaki mdogo wangu wa kike. Yeye ana shamba lake Mpapura, lakini miaka ya mwisho alikuwa akikaa na mama. Haikupita hata wiki akanipigia simu.

"Kaka, huyu paka hali."

"Mpe samaki."

"Nimempa."

"Mpe maziwa."

"Kaka, mimi nimefuga mbuzi Mpapura umri wangu wote. Wewe ndiye unayenifundisha kumpa mnyama maziwa?"

Nikapeleka kolekole wa urefu wa mkono. Nikapeleka dagaa wabichi. Nikapeleka maini. Paka anakuja, ananusa, anarudi kwenye mkeka anajikunja pale pale mama alipokuwa akikaa. Mbavu zikaanza kuhesabika. Mimi nimewahi kutoa lori lililozama kwenye tope la Mpapura, wenye lori wenyewe wamelikatia tamaa. Sikuwa nimezoea kusimama mbele ya kitu chenye uzito wa kuku nikashindwa la kufanya. Na usifikiri ni mapenzi ya paka. Paka duniani wamejaa. Lakini huyu ndiye kiumbe pekee aliyekuwa akila mkononi mwa mama yangu, na nilikuwa nimeshazika mara moja mwaka ule.

Mchana mmoja tumekaa barazani, dada akasema, "Kuna maneno mama aliacha. Nilikuwa nangoja msiba upoe."

"Maneno gani?"

"Njoo."

Akanipeleka sebuleni, akafungua kabati la vioo. Akasogeza vikombe vya wageni, akasogeza birika la maua. Nyuma yake kulikuwa na makopo yangu. Yote. Yamepangwa safu kwa safu mpaka nyuma kabisa, mapya mbele, ya zamani ukutani. Mengine yalikuwa na karatasi ya rangi ambayo hata kiwandani wameshaiacha. Mengine niliyajua, yalikuwa ya shehena yangu ya kwanza, nilipokuwa bado nalala dukani. Hakukuwa na vumbi hata la kuandikia kidole.

Nikapitisha dole gumba kwenye kopo la mbele.

"Mbona hakula?"

"Angekula nini? Alisema samaki asiye na macho utamjuaje."

"Si angeniambia!"

"Angekuambia lini, kaka? Wewe ulikuwa unazima gari?"

Nikamwambia ukweli, kwamba gari lile likizimwa lilikuwa gumu kuwaka. Dada akanitazama kama mama.

"Ila usidhani hakuyapenda," akasema. "Kila Ijumaa anayatoa yote, anayafuta, anayarudisha. Wageni wakija kabati linafunguliwa kabla ya chai. 'Haya ni ya mwanangu. Yanatoka ng'ambo. Hata wafalme wanakula haya haya.' Yule jirani wa vitumbua ameonyeshwa makopo hayo mpaka akawa anapita njia nyingine."

"Sasa maneno aliyoacha?"

Dada akaigiza sauti ya mama, na ule ulimi wake wa mtoni: "'Chila chikopo mimi chimenishinda, na kutupa kitu cha mwanangu siwezi. Nikifa umpe mke mwenzangu. Yeye ana meno na hana aibu.'"

Tukacheka. Halafu mmoja wetu akaacha kucheka, na mwingine naye akaacha.

Basi ule ni wasia, na wasia wa mama hauchezewi. Na paka hali, huenda kopo lenye harufu kali likamwamsha. Lakini nilipoyageuza moja moja kutazama kitako, hapakuwa na hata moja ambalo tarehe yake haikuwa imepita, maana mzigo wa ng'ambo hunifikia umebakiza miezi michache tu. Mengine yalikuwa yamepita zamani sana. Nikayabeba nikayapanga barazani juani, nikaanza kazi ninayoijua. Yaliyovimba, pembeni. Yaliyokuliwa mkunjo na hewa ya bahari, pembeni. Ya zamani yote karibu yaliishia pembeni. Yakabaki machache yaliyonyooka, matulivu chini ya kidole.

Jirani wa vitumbua akachungulia juu ya ua wa makuti. "Bosi, unafungua duka na huku?"

"Namtafutia paka chakula."

"Mpe tu yoyote. Paka ana tumbo la chuma huyo. Anakula panya mzima na utumbo wake, atashindwa na kopo?"

Dada naye akasema paka hafi kwa chakula. Kila mtu pwani hii anaamini hivyo. Mimi mwenyewe niliamini, na dukani kwangu kopo lililopitwa lilikuwa likiitwa "la paka" bila mtu kufikiri. Nilikuwa nimeshatia kidole kwenye kipete cha kuvutia. Hapo ndipo nikasikia, sijui nisemeje, nikasikia ile mashine ya kusaga, maneno ya mama. Wameshatuonjea vya kutosha.

Nikamuuliza dada, "Mama aliwahi kumpa huyu kitu ambacho hakukionja?"

"Hata siku moja."

"Na haya aliyaonja?"

Dada akatikisa kichwa.

"Basi lazima mtu ayaonje kwanza. Wewe?"

"Mimi sili, kaka. Wewe ndiye uliyeyaleta."

Nikavua viatu nikakaa kwenye mkeka. Suruali ilikuwa ya pasi, magoti yakalia, tumbo likapanda kifuani. Sikumbuki mara ya mwisho nilipokaa chini nyumbani kwa mama. Nikavuta kipete. Harufu haikuwa mbaya. Nikala kipande, nikala kingine. Nyama laini, miba imekuwa kama chaki, sosi ya nyanya imeingia weusi. Haikuwa mbaya, lakini haikuwa tamu pia. Chumvi, na kwa mbali bati. Ndiyo ladha niliyokuwa nikimletea mama yangu.

Nia yangu ilikuwa nile, nisubiri mpaka kesho nione tumbo langu linasema nini, ndipo paka apewe. Kwa hiyo nikameza, nikatulia, nikamtazama paka pale alipojikunja. Sikumtazama kwa sababu yoyote. Mtu akikaa pale, hana kingine cha kutazama.

Paka akainuka.

Akaja polepole, nyonga zimemtoka, akakaa mbele yangu. Akaweka mikono ya mbele pamoja. Akafungua mdomo, sauti haikutoka.

"Kaka," dada akasema kwa sauti ya chini, "usimpe."

Sikuwa nimempa, lakini kopo lilikuwa mkononi, na yeye alikuwa anataka kula, kwa mara ya kwanza tangu mama. Nikimnyima sasa, je, atarudi? Na nikimpa? Mimi nimeamua mambo makubwa maishani kwa muda wa kufungua na kufunga kiganja, lakini pale sikuweza, nikaliweka kopo chini. Ndipo nikaiona sahani ya chukuchuku aliyoikataa asubuhi, samaki wa kuchemsha na ndimu kidogo, ipo pembeni imefunikwa na kawa. Nikaivuta. Nikachambua kipande, nikatia mdomoni mwangu, nikatafuna, nikameza, nikamtazama. Kisha nikachukua cha pili, nikakiweka kwenye ncha za vidole.

Nikasikia ulimi wake kwanza, kama msasa. Halafu meno. Akala. Akala tena. Dada akainuka akaenda ndani, nikamsikia anapenga kamasi kwenye kanga.

Kesho yake nikaleta daktari wa mifugo. Binti mdogo tu, alikuja na pikipiki yake na begi mgongoni. Nikamweleza mimi ni nani, akasema ndiyo, anapajua kwangu, huwa anakata kushoto. Akampapasa paka tumbo, akamfunua ufizi, akavuta ngozi ya shingo.

"Anakunywa maji sana?"

"Kama ng'ombe," dada akajibu. "Tangu mama yupo. Mama alikuwa anasema mke mwenza ananimalizia ndoo."

"Figo hizo. Ni mzee, bibi huyu. Kuponya hatutaponya, lakini tunaweza kumfanyia wepesi. Samaki wa kuchemsha, bila chumvi, na maji yasikatike."

Nikamwonyesha makopo yaliyobaki. Nikamwambia kuhusu dole gumba. Alisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa.

"Mzee, tarehe ikipita si kwamba siku hiyo kopo limegeuka sumu. Zima linaweza kukaa. Lakini zima la nje, ndani hujui. Na huyu, kwa figo hizi, hata la leo asubuhi simpi. Chumvi tupu. Na sosi hiyo ina vitunguu, vitunguu ni vibaya kwa paka hata mzima."

"Nimelionja mwenyewe. Niko hapa."

"Wewe una kilo mia, yeye hafiki hata tatu. Ukionja wewe, umejua nini juu yake? Na kuna sumu ya kopo haina harufu, haina ladha. Ingekukuta umeshapiga mswaki umelala."

"Sikuumwa."

"Umebahatika, nimefurahi. Usirudie."

Nikamwitikia. Ila mimi ni mtu niliyefika hapa kwa kutosikia nilichokatazwa.

Dada alijaribu kumwonjea siku iliyofuata. Paka akamtazama, akageuka. Siku nyingine tena, vile vile. Akanipigia dukani.

"Anakutaka wewe."

"Mimi nina nini?"

"Unatafuna kwa sauti. Kama mama."

Basi kila adhuhuri, isipokuwa nikiwa safari ya korosho, nilikuwa nikitoka Rahaleo nakwenda Likombe kumwonjea paka samaki. Dukani wakaanza kunitania. "Bosi, saa sita hii unakimbilia wapi?" Nawaambia, "Kwa mke mwenza." Wakacheka, wakadhani nimeoa. Gari nalizima. Navua viatu, nakaa, naonja, namtazama, nampa. Yeye anakula chukuchuku, na mimi, nikishamwonjea, siku moja moja nafungua kopo ili nisimmalizie kitoweo chake. Yale mazima. Nisingeweza kuyatupa. Mama hakuweza, mimi ningewezaje? Nayo yaliyovimba niliyachimbia shimo refu nyuma ya nyumba, sikuyatoboa, nikayafukia na mawe juu ili mbwa wasiyafukue. Makopo matupu dada alikuwa akiyatia kwenye kiroba cha taka pale getini. Hayo ndiyo wanayoyapiga picha.

Ukikaa kwenye ule mkeka unaona kitu. Mlango wa nyuma ukiwa wazi na wa mbele ukiwa wazi, macho yanapita moja kwa moja sebuleni, kwenye kabati la vioo, yanatoka nje mpaka barabarani, pale gari langu lilipokuwa likisimama linanguruma. Sikulijua hilo kabla. Nilikuwa nikimwona mama anakuja kutoka gizani kwa ndani. Kumbe yeye alikuwa ananiona tangu nakata kona.

Mvua zikaja, zikaisha. Paka alinenepa kidogo, akawa hata anajilamba mkia, dada akasema, "Mke mwenza amerudiwa na urembo." Kisha akaanza kupungua tena, taratibu, na ndoo ikashuka haraka zaidi. Daktari akaja akamchoma maji chini ya ngozi. Akaja tena. Siku moja alifunga begi lake bila kutoa kitu, akamkuna kidevu, akaniambia, "Endelea kumwonjea, mzee."

Mikorosho ilikuwa imeanza kutoa maua. Nilikuwa nimepata samaki changu mzuri asubuhi, nikamtazama jichoni kabla sijamnunua. Dada akamchemsha. Nikakaa, nikaonja, nikameza, nikamtazama. Paka akajikokota, akakaa mbele yangu, mikono pamoja. Nikampa kipande. Akanusa. Akaweka kidevu chake juu ya vidole vyangu, akakiacha hapo.

Nikadhani hakuona nilivyoonja. Nikaonja tena kwa mkono mwingine, nikatafuna kwa nguvu, sauti kubwa. Nikampa. Nikaonja tena. Dada alisimama mlangoni na kata ya maji mkononi. Yule changu nilimmaliza wote kwa kumwonjea, upande mmoja, nikamgeuza, upande wa pili, mpaka ikabaki miba na kichwa chenye macho. Mkono wa kulia ulikuwa umekufa ganzi, na sikuuondoa. Ilipoadhiniwa alasiri, kidevu kikawa kizito.

Tulimzika nyuma ya nyumba, mbali na lile shimo la makopo, kwenye kipande cha kanga ya mama. Dada alitaka kufukia yeye, nikamwachia jembe.

Jirani wa vitumbua alikuja kwenye ua wa makuti. "Pole, bosi. Jamani. Lakini na yale makopo nayo..." Mimi nimewahi kumnyamazisha dereva wa lori na matingo wake wawili kwa sauti tu. Siku ile nilifungua mdomo, sauti haikutoka. Ndiyo maana imebidi niandike.

Limebaki kopo moja. Dada bado anafungua kabati kila Ijumaa, analitoa, analifuta, analirudisha katikati ya vikombe. Wiki iliyopita aliniuliza, "Hili tulifanyeje, kaka?" Nikalichukua nikalipitishia dole gumba juu na chini. Limenyooka, limetulia. Nilikuwa na njaa, nimekaa pale pale kwenye mkeka, milango yote miwili iko wazi.

Nikamwambia alirudishe. Sina wa kumwonjea.